Modeli ya meno iliyochapwa si jasi ya rangi nyingine

Katika droo yangu ya vifaa, chombo chembamba kuliko vyote ni karatasi ya chuma ya kupimia mguso wa meno, yenye unene wa mikroni 8 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Kwa miaka mingi niliitumia juu ya modeli za jasi, yaani nakala za meno ya mgonjwa: naiingiza kati ya krauni (kofia bandia ya kufunika jino) na jino la jirani, naivuta, na kwa jinsi inavyokamata au kuteleza najua kama mguso umebana kupita kiasi au umelegea. Maabara yetu ya meno ilipoanza kupokea faili kutoka kwenye skana za kinywani na kuchapa modeli kwa resini, plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga, niliendelea na karatasi ileile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Krauni zilikaa vizuri juu ya modeli, kisha zikarudi kutoka kliniki na maelezo kwamba haziingii, au zinaingia lakini chakula kinakwama pembeni. Ilinichukua muda kukiri kwamba nilikuwa napima kwa mikroni 8 juu ya kitu ambacho chenyewe kilikuwa kimekosea kwa mikroni 100.

Jasi ngumu ya kazi za krauni hutanuka kidogo inapoganda, kwa karibu asilimia 0.1 au chini yake, na taratibu zetu zote za zamani zilijengwa juu ya tabia hiyo. Resini hufanya kinyume. Molekuli zake zinaposhikana chini ya mwanga husogeleana, na kitu kizima husinyaa. Programu ya printa hufidia sehemu ya kusinyaa huko, lakini fidia hiyo imepangwa kwa resini fulani, kwa unene fulani wa tabaka na kwa muda fulani wa mwanga, hivyo fundi anayemimina chupa ya resini nyingine kwa kuwa ni nafuu, bila kugusa mipangilio, anachapa modeli nzuri ya kinywa ambacho si cha mgonjwa yeyote.

Kasoro haisambai sawasawa pia. Jino moja moja hutoka karibu na vipimo vyake. Kinachopotea ni umbali kati ya upande wa kulia na wa kushoto, hasa katika modeli ya taya nzima yenye umbo la upinde ulio wazi katikati, kwa sababu mikono miwili ya upinde huo haina kinachoizuia kusogeleana wakati wa kukaushwa kwa taa. Siku hizi siruhusu upinde mtupu uingie kwenye printa. Naweka upau wa kuunganisha pande mbili nyuma ya magego ya mwisho, na juu yake vijiti viwili vidogo ambavyo katika faili vimeachana kwa milimita 50 kamili. Modeli ikishakamilika napima umbali huo kwa kalipa. Kusinyaa kwa asilimia 0.2 tu hapo ni milimita 0.1, na kwa daraja (meno bandia yaliyounganishwa) linalovuka upinde mzima hiyo inatosha kuharibu kazi. Kwa krauni moja, nakubali naweza kuivumilia.

Makosa mengi niliyowahi kuyafuatilia hayakuanzia ndani ya printa, bali kwenye beseni la kuoshea. Modeli hutoka imefunikwa na resini mbichi, na utando huo usipoondolewa hukauka mahali pale tunapohitaji ukali zaidi, yaani kwenye ukingo wa jino lililochongwa na katika mianya kati ya meno. Naosha katika mabeseni mawili ya alkoholi ya isopropili, la kwanza lililokwisha kutumika na la pili safi, dakika chache katika kila moja. Kuacha modeli humo mchana kutwa ukidhani itatakata zaidi ni kosa la upande wa pili, kwa kuwa resini hunywa alkoholi, hulainika, na baadaye hupasuka. Baada ya kuipuliza kwa hewa naiacha karibu nusu saa ili alkoholi itoke kabisa, ndipo iingie kwenye taa. Modeli zenye uwazi ndani zinahitaji tundu la kutolea resini. Zisipokuwa nalo, resini iliyonaswa hubaki majimaji na baada ya siku kadhaa hutafuta njia yake mwenyewe kwa kuupasua ukuta.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu modeli na nusu siku ya kazi. Niliagizwa kutengeneza retena, kifaa cha kuzuia meno yaliyonyooshwa yasirudi yalikokuwa, ya waya na akriliki (plastiki ngumu). Nikapaka dawa ya kutenganishia niliyoizoea, nikamwaga akriliki, na ilipoganda retena na modeli vilikuwa kitu kimoja. Nililazimika kukata modeli kwa msumeno vipande vipande. Sababu ni ya kikemia. Dawa ile ni mmumunyo wa aljineti ya sodiamu, inayotokana na mwani wa kahawia (si ule mwekundu unaolimwa Zanzibar). Ikigusa jasi, ambayo ni salfeti ya kalsiamu, hugeuka kuwa aljineti ya kalsiamu, na huo ndio utando usioyeyuka majini unaozuia akriliki kushika. Resini haina kalsiamu ya kutoa, kwa hiyo dawa hukauka juu yake kama uji uliomwagika mezani na kubanduka kwa brashi. Isitoshe, kile kimiminika cha akriliki ni ndugu wa resini yenyewe: hupenya juujuu, na hukamata hasa pale modeli ilipokaushwa nusunusu. Natumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya resini, au ikikosekana, mafuta ya mgando yaliyopakwa kwa brashi na kufutwa hadi ubaki mng'ao tu. Meno bandia yanayochemshwa ndani ya flaski (kasha la chuma) chini ya shinikizo siyafanyi kabisa juu ya resini. Modeli iliyochapwa naitengenezea kalibu ya silikoni, kisha namimina jasi.

Joto nalo linahitaji nidhamu mpya. Mkono wa fundi wa jasi huelekea wenyewe kwenye bomba la mvuke kila anapoona uchafu, ilhali mvuke huo unaweza kupinda ukuta mwembamba wa resini bila dalili ya kuonekana kwa macho. Bati la plastiki linalolainishwa na kushindiliwa juu ya modeli ni jaribio gumu zaidi, na modeli yenye uwazi ndani haifai kwa kazi hiyo.

Kuhusu kuipanga modeli kwenye printa, muda wa printa zetu hutegemea kimo tu, si idadi ya modeli zilizo kwenye sahani. Modeli iliyolala yenye kimo cha milimita 20, kwa tabaka za milimita 0.1, ni tabaka 200. Ikisimamishwa hadi milimita 60 inakuwa 600, ingawa zinaingia nyingi zaidi kwa mpigo mmoja. Kwa krauni nailaza na kushuka hadi tabaka za milimita 0.05. Kwa retena nasimamisha na kwenda nyumbani, nikiwa nimehakikisha betri ya akiba imejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati, hata printa ikiendelea baadaye, huacha mstari unaokata meno yote.

Glavu ziwe za nitrili, na resini mbichi isimwagwe kwenye sinki kamwe. Ikigusa ngozi inaweza kuleta mzio usioondoka, na njia rahisi ya kuitupa ni kuianika kwenye jua la Dar es Salaam hadi igande. Jua hilohilo ndilo linalonifanya nifunike madirisha ya chumba cha printa.

Chini ya kila modeli naandika tarehe kwa kalamu, kwa kuwa resini huendelea kujibadilisha polepole hata ikiwa kabatini, hasa kwenye mwanga. Kazi ikirudi kutoka kliniki baada ya wiki kadhaa kwa marekebisho, ile modeli ya kwanza siirudishi mezani. Nafungua faili, nachapa nyingine usiku huo, na asubuhi napima tena ile milimita 50 kabla ya kuitoa karatasi ya mikroni 8.