Je, wajua? Baadhi ya sumu za mgonjwa wa figo hutoka utumboni

Mgonjwa amelala kitandani wiki ya tatu, amewekewa mpira wa mkojo, na choo kimemfunga siku nne. Asubuhi anayemuuguza anakuta mfuko wa mkojo umegeuka rangi ya zambarau iliyoiva. Anamkimbilia muuguzi akidhani ni damu iliyoharibika. Kumbe ni nili, rangi ile ile inayotiwa suruali za jinzi, na chanzo chake ni bakteria.

Naanza na mfuko huo kwa sababu unaonyesha safari ambayo kwa kawaida hatuioni. Ukila samaki, maharage au mayai, protini nyingi hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Masalia huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria wanayasubiri. Humo, triptofani, mojawapo ya vijenzi vya protini, hugeuzwa kuwa indoli. Indoli huingia kwenye damu, hufika kwenye ini, na ini huibadilisha kuwa indoksili salfeti. Figo yenye afya huitoa kwa mkojo, wala mwenyewe hajui kama ilipita. Kwa mgonjwa wetu, bakteria wengine walioingia kwenye mkojo waliivunja tena, ikatoka nili ya buluu na mwenzake mwekundu, indirubini. Zikichanganyika, ndiyo hiyo zambarau.

Sasa figo zikichoka, indoksili salfeti itatoka vipi mwilini? Hurundikana kwenye damu, pamoja na p-kresili salfeti, ambayo bakteria huianzisha kutokana na kijenzi kingine cha protini kiitwacho tairosini. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba indoksili salfeti hudhuru seli za vijirija vya figo na za kuta za mishipa ya damu. Yaani figo iliyokwisha kudhoofika inaongezewa mzigo.

Tunajuaje kwamba chanzo ni utumbo? Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walilinganisha wagonjwa wa kusafishwa damu wa aina mbili: wenye utumbo mpana, na wale ambao utumbo huo ulishaondolewa kwa upasuaji. Wote walitegemea mashine. Lakini kwa wale wasio na utumbo mpana, sumu hizo mbili zilikuwa kidogo mno, au hazikuonekana kabisa. Kwangu mimi, hakuna ushahidi unaoeleweka kwa urahisi kuliko huo.

Na mashine, mbona haiziondoi? Kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya indoksili salfeti iliyo kwenye damu imeng'ang'ania albumini, protini kubwa isiyopita kwenye matundu ya kichujio. Ni kama mtoto aliyefungwa mgongoni: mama asipopenya kwenye tundu la uzio, na mtoto hapenyi. Figo hai ina ujanja ambao mashine haina. Seli za vijirija vyake huinyakua sumu hiyo kutoka kwenye damu na kuisukuma kwenye mkojo.

Madhara huenda upande wa pili pia. Urea, taka ya protini ambayo figo huitoa kwa mkojo, ikizidi kwenye damu, nyingine hupenya hadi utumboni, na bakteria huivunja kuwa amonia. Amonia huuchubua ukuta wa utumbo, nao huanza kuvujisha vipande vya bakteria kwenye damu na kuamsha uchochezi mwilini, yaani mwitiko wa kinga. Urea huvunjwa kuwa amonia mdomoni pia, kwenye mate, ndiyo maana pumzi ya mgonjwa wa figo huweza kunuka kama mkojo. Tafadhali, ndugu, msimseme kwamba hapigi mswaki.

Halafu kuna choo. Mgonjwa wa figo mara nyingi amepunguziwa maharage, ndizi na mboga za majani kwa kuogopa potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, amepimiwa maji ya kunywa, na anameza vidonge vya madini ya chuma. Choo kisifunge kwa nini? Na masalia yakikaa siku nyingi, nyuzinyuzi nazo ni chache, bakteria hugeukia protini na kuzalisha zaidi indoli na wenzake. Naamini swali la choo lingestahili kuulizwa kila kliniki, sawa na presha.

Dawa zimejaribiwa. Japani, tangu 1991, wagonjwa hupewa chembechembe za mkaa uliotengenezwa maalumu ili zinase indoli humo humo utumboni, lakini majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba mkaa huo unazinusuru figo kuliko dawa ya kulinganishia isiyo na dawa ndani yake. Nchini Australia, mwaka 2016, mchanganyiko wa bakteria wazuri na chakula chao ulipunguza p-kresili salfeti, ila indoksili salfeti haikushuka kwa kiwango cha kuaminika. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa "kufufua figo" kupitia tumbo anakutoza kwa kitu ambacho hakijathibitishwa.

Kinachowezekana leo ni kukaa na mtaalamu wa lishe akuchagulie, kwa kufuata vipimo vyako vya potasiamu, vyakula vyenye nyuzinyuzi unavyoweza kula. Choo kikifunga, mwambie daktari kabla ya kwenda duka la dawa. Dawa nyingine za kulainisha choo zina magnesiamu au fosfeti, na figo dhaifu hushindwa kuzitoa.