Sheria za bweni zianzie mlangoni

Mtoto akichaguliwa kwenda shule ya bweni, mzazi hupokea fomu ya kujiunga: godoro la futi mbili na nusu, ndoo mbili, tranka na kufuli lake, shuka mbili, ufagio wa chelewa, fyekeo. Kurasa za mwisho huwa na sheria za bweni. Kwa kazi yangu ya elimu kwa umma katika zimamoto nimezisoma nyingi, na karibu zote zinamweleza mtoto asichoruhusiwa: asiwe na simu, asipike, asitoke nje baada ya taa kuzimwa. Ni chache mno zinazomweleza mzazi nani atafungua mlango moto ukizuka saa nane usiku.

Bweni la Shauritanga, wilayani Rombo, liliungua Juni 1994 na wasichana zaidi ya 40 wakafa. Bombolulu, pwani ya Kenya, Machi 1998, wasichana 26. Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67. Idodi, Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Kyerwa, mkoani Kagera, Septemba 2020, watoto wasiopungua 10. Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Vyanzo vya mioto hiyo havikufanana. Kyanguli ilimwagwa petroli. Idodi ulitajwa mshumaa wa kusomea. Lakini Bombolulu na Kyanguli watoto walikuta mlango umefungwa na madirisha yamezibwa kwa nondo. Moto tungeweza kupambana nao. Mlango uliofungwa ndio uliowamaliza.

Katika shule moja ya wasichana niliyoikagua, nilimwomba binti wa kidato cha pili apande kitandani kwake, dabo deka ya juu, katikati ya bweni. Nikamfunga leso machoni nikamwambia, "Umeamka, bweni limejaa moshi. Toka." Alishuka vizuri. Hatua ya pili mguu ukaingia kwenye ndoo ya maji. Akajigonga ugoko kwenye tranka lililokuwa njiani, kisha kamba ya nguo mbichi ikamkaba shingoni. Alipougusa mlango wa mashariki akausukuma mara mbili, akatulia.

"Afande, huu huwa haufunguliwi. Ufunguo anao matroni."

Nikamtuma kiranja akaulete, nami nikatazama saa. Dakika nne na nusu, tena mchana, matroni akiwa macho na nyumba yake ikiwa nyuma tu ya jiko. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mzito mweusi wenye kaboni monoksidi na sianidi. Mtoto aliyelala anaweza kupoteza fahamu kabla hata hajajua kwamba kuna moto. Yule binti alikuwa bado ameshika komeo, leso machoni, akisubiri ufunguo. Sijamsahau.

Najua kwa nini walimu hufunga milango. Wanafunzi hutoroka, wezi huingia, na kwenye mabweni ya wasichana kuna hofu kubwa zaidi ya hiyo. Mkuu wa shule mtoto akimpotea usiku, ataulizwa yeye. Hofu hizo ni za kweli, ila dawa yake si kufuli la nje. Dawa ni mlinzi anayezunguka, uzio mzima, taa za nje, na matroni au patroni anayelala ndani ya bweni lenyewe, katika chumba kilicho karibu na mlango. Komeo liwe la ndani, lifunguke kwa mkono bila ufunguo, hata kwa mtoto mdogo kuliko wote.

Wenzetu wa Kenya waliandika viwango vya usalama wa shule mwaka 2008, na vinafaa kupimiwa bweni lolote lile. Milango iwe na upana wa angalau futi 5 na ifungukie nje. Kila ncha ya bweni iwe na mlango, na katikati uwepo wa dharura ulioandikwa wazi. Mlango wowote usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, hata kwa dakika moja. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda ibaki mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Mkuu wa shule anayesoma hapa, chukua futi kamba leo hii, usisubiri mkaguzi. Ukikuta vitanda vimebanana hadi mtoto anapita ubavu ubavu, umeshapokea wanafunzi kupita uwezo wa bweni lako, na hilo ni la kulisema kwenye bodi kwa sauti.

Kwa wanafunzi, wanangu, zipo sheria mnazoziona za kuwasumbua tu. Tranka kukaa chini ya kitanda, ndoo kukaa ukutani, nguo kuanikwa nje: mmeshaona kilichompata mwenzenu gizani.

Ile ya kila mtu alale kitandani kwake ndiyo inayovunjwa zaidi, na nyie huona ni jambo la kirafiki tu kulala mzungu wa nne na rafiki kutoka bweni la pili kwa sababu ya baridi au hadithi. Sisi tukiingia kwenye moshi hatuoni hata mikono yetu. Tunapapasa kitanda baada ya kitanda, huku nje kiranja anaita majina. Jina lako lisipoitikiwa, askari atarudi ndani kukutafuta. Kumbe umelala bweni la pili. Na huko ulikolala, hakuna anayejua kwamba upo. Kwa hiyo kuita majina kabla ya kulala kufanyike kila siku bila kuruka, na orodha ikae pia nje ya bweni, kwa matroni na kwa mlinzi, kwa sababu iliyobandikwa ndani itaungua na bweni.

Kuhusu umeme nasema na pande zote mbili. Hita ya kuchemshia maji, pasi, na chaja iliyofichwa chini ya mto havifai bwenini hata kidogo. Chaja hupata joto, na iliyofunikwa kwa godoro la sponji haina pa kulitolea. Lakini shule inayokataza kila kitu bila kutoa mbadala inafundisha watoto kuficha, na mimi nimevuta waya zilizoungwa kwa plasta ya kidonda kutoka nyuma ya kabati. Wekeni chumba kimoja cha kuchajia taa na tochi, chenye mtu wa kukisimamia. Mtihani wa taifa ukikaribia, acheni darasa moja wazi na taa zake hadi saa tano. Mtoto mwenye pa kusomea hatawasha mshumaa ndani ya chandarua.

Moto ukitokea, piga kelele "Moto!" uamshe wenzako. Inama au tambaa, maana hewa safi iko chini. Mlango uguse kwanza kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto, usiufungue, nenda mwingine. Usirudi kuchukua tranka, hata kama lina pesa ya nauli. Kusanyikeni mahali palipopangwa mhesabiwe. Haya yafanyiwe zoezi kila muhula, na angalau moja liwe la usiku, kwa kuwa mchana kila mtu ni hodari. Matroni na viranja wote wajue kutumia mtungi wa kuzimia moto: vuta pini, elekeza kwenye kitako cha moto, bana, fagia kushoto na kulia. Nimekuta mitungi imefungiwa ofisini isiibiwe.

Mambo ya usafi na wizi nawaachia walezi, wanayajua kuliko mimi. Nagusia tu uonevu: wakubwa wakiwasukumia wadogo kona ya ndani kabisa, mbali na mlango, mlezi apange vitanda upya yeye mwenyewe.

Mzazi, siku ya kutembelea watoto usiishie kwenye mkeka na wali wa kuku. Omba kuonyeshwa bweni. Jaribu mlango kwa mkono wako, tazama madirisha, muulize mwanao atatokea wapi usiku.

Namba yetu ya dharura Tanzania ni 114. Anayepiga aseme jina la shule, kata, njia ya kufika, na kama kuna watoto bado wako ndani. Asikate simu kabla hajaambiwa. Kisha mtu mmoja asimame barabarani na tochi kutuelekeza, na mlinzi afungue geti lote, mabawa yote mawili, maana gari la zimamoto halipiti kwenye mlango mdogo wa wageni.