"Thou" si neno la heshima, na mengine tunayokosea katika Kiingereza cha King James

Katika vikundi vya kusoma Biblia hakosekani mtu mwenye King James yake ya Kiingereza. Mstari wa Kiswahili ukimtatiza, huufungua Kiingereza akiamini ndiko kwenye asili. Nimekuwa mtu huyo kwa miaka mingi. Lakini tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1611, na maneno yake mengi yamehama tangu wakati huo.

Dhana iliyoshika mizizi kuliko zote ni kwamba "thou" ni neno la heshima kuu, lililotengwa kwa ajili ya Mungu. Ukweli ni kwamba "thou" ni "wewe", na "ye" ni "ninyi". Soma Mathayo 4:10, Yesu anapomfukuza Shetani: "Get thee hence." Hiyo "thee" ni "thou" ileile ikiwa mtendwa. Mungu na Shetani wanaitwa kwa neno moja kwa sababu anayesemeshwa ni mmoja.

Nje ya Biblia neno hilo liliweza kuwa tusi. Waingereza walikuwa wamezoea kumwita mkubwa "you", yaani wingi wa heshima, na "thou" ikabaki kwa mtoto, mwandani, mtumishi au mtu unayemdharau. Sir Walter Raleigh aliposhtakiwa kwa uhaini mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita "thou" makusudi, tena akamtamkia wazi kwamba anamwita hivyo kwa kuwa ni msaliti. Baadaye katika karne hiyo wakatokea Marafiki, yaani Wakweka, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Hao walikataa kumpa hakimu au tajiri wingi wa heshima. Kila mtu kwao alikuwa "thou", na wengine walipigwa kwa ajili ya neno hilo.

Jambo hili lina uzito kwa msomaji. Katika Luka 22:31, Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inasema Shetani "amewataka ninyi", kisha mstari unaofuata, "nimekuombea wewe". Mitume wote wako hatarini, na Petro anaombewa peke yake. King James inalionyesha hilo kwa "you" na "thee". Kiingereza cha leo, chenye "you" moja kwa wote, kinalificha. Kiswahili hakijawahi kulipoteza, nami nasikitika kila ninapoona watu wakidhani tafsiri yetu ni ya daraja la pili.

Dhana nyingine: neno likiwa jepesi na ninalijua, basi maana yake ni ninayoijua. Hapa ndipo tunapoanguka zaidi, kwa sababu neno geni hutupeleka kwenye kamusi, ilhali lililozoeleka halitushtui. "Suffer the little children to come unto me", Marko 10:14, halihusu mateso. "Suffer" hapo ni kuruhusu, na Kiswahili kinasema "waacheni". Katika 1 Wathesalonike 4:15 "prevent" si kuzuia bali kutangulia. Katika Mwanzo 1:29 Mungu anawapa watu mimea na matunda yawe "meat", na kuna aliyeniuliza kwa dhati nyama inatokaje kwenye mti. Zamani "meat" ilikuwa chakula chochote.

Linalopotosha kuliko yote ni "let". Katika 2 Wathesalonike 2:7, "he who now letteth" ni yule azuiaye, kinyume kabisa na "let" ya kuruhusu. Hayo yalikuwa maneno mawili tofauti katika Kiingereza cha kale, yakaja kufanana sauti, na lile la kuzuia likafifia. Mabaki yake yamo hadi leo katika pasipoti ya Uingereza, inayoomba mwenye nayo apite "without let or hindrance".

Wapo pia wanaotunga asili. Wengi tulifundishwa kwamba "news" ni herufi za kwanza za kaskazini, mashariki, magharibi na kusini. Sivyo. Ni "new", yaani "-pya", iliyowekwa katika wingi: mambo mapya.

Na wapo wanaovuka upande wa pili, wakashikilia kwamba maana ya kale ndiyo ya kweli na ya leo ni upotovu. Hao nao nawapinga. "Nice" imetoka kwenye neno la Kilatini la mtu asiyejua, na mwanzoni ilimaanisha mpumbavu. Leo ukimwambia mtu hivyo unamsifu, naye ana haki ya kufurahi. Kwetu hata kupanda basi kwenda Tanga ni safari. Waingereza walilichukua neno hilo, na kwao sasa ni kwenda kuwatazama simba Serengeti. Kwa Kiingereza chao hawajakosea.