Dampa za Jengo: Milimita Zinazopotea Kwenye Pini

Nishati ya tetemeko la ardhi ikishaingia ndani ya jengo, lazima iishie mahali. Jengo lisilo na dampa, yaani kifaa cha kupunguza mtikisiko, huimalizia kwenye viungo vyake lenyewe. Baada ya tetemeko la Northridge, Marekani, mwaka 1994, fremu nyingi za chuma zilizoonekana nzima kwa nje zilikutwa zimepasuka pale boriti zilipochomelewa kwenye nguzo. Dampa huibeba sehemu kubwa ya nishati hiyo na kuigeuza joto, tena ndani ya kifaa unachoweza kukikagua na kukibadilisha.

Ninayoipendelea ni dampa ya mafuta: silinda iliyojaa mafuta ya silikoni, na pistoni yenye matundu membamba. Hufanya kazi kama shokapu ya gari. Nguvu yake ni F = C × v^α: v ni kasi ya pistoni, C ni namba ya dampa yenyewe, na α, kipeo cha kasi, kwa kawaida huwekwa kati ya 0.3 na 1. Kwa 0.3, kasi ikiongezeka maradufu nguvu hupanda kwa asilimia 23 tu, hivyo mhimili wa mshazari unaoishikilia haulemewi ghafla. Kwa 1, nguvu nayo huwa maradufu. Lakini α ndogo hubaki na nguvu kubwa hata jengo linapokaribia kikomo cha kuyumba, wakati ambao nguzo tayari zimeelemewa. Jengo la zamani lenye nguzo dhaifu naliwekea α ya 1.

Hata hivyo, mara nyingi tatizo halimo kwenye dampa. Limo kwenye pini zinazoiunga dampa na mhimili na fremu.

Chukua ghorofa yenye kimo cha mita 3.5, mhimili umelala kwa nyuzi 35. Tetemeko la wastani likiisogeza ghorofa kwa asilimia 0.3, hiyo ni milimita 10.5, kwenye mshazari zinabaki 8.6. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, pistoni ina milimita 17 za kufanyia kazi. Sasa weka pini mbili, kila moja ikicheza milimita 1 ndani ya tundu lake: kila mwendo unapogeuka, milimita 2 zinapotea bure, kisha chuma kinagonga chuma. Mhimili mwembamba unaovutika hula nyingine. Kwa hiyo kwenye hesabu usiuchukulie mhimili kuwa haunyumbuliki kabisa, na matundu ya pini yatobolewe kwa kipimo cha pini iliyopo mkononi.

Ncha zote mbili ziwe na beringi ya duara inayoruhusu dampa kugeuka kidogo kwa upande. Bila hiyo fimbo ya pistoni husukumwa ubavuni, sili, yaani pete inayozuia mafuta yasitoke, inalika upande mmoja, mafuta yanavuja. Funga dampa pistoni ikiwa katikati ya safari yake. Usichomelee chochote karibu nayo bila kuifunika: cheche moja ikiganda kwenye fimbo inatosha kuchana sili. Rangi iliyokauka juu ya fimbo pia ni hatari.

Dampa za msuguano, ambazo nyuso zilizobanwa kwa boliti huteleza, ni rahisi zaidi, ila boliti zikilegea au nyuso zikishika kutu, nguvu ya kuteleza si ile uliyoipigia hesabu tena.

Kabla ya kufunga, dai majaribio ya dampa zenyewe zitakazofungwa, kwa kasi na urefu wa mwendo ulioko kwenye usanifu. Baada ya tetemeko, anza na fimbo: pitisha kitambaa cheupe kuizunguka, ukitafuta mafuta na mikwaruzo.