Nguvu ya misuli na utendaji wa bega baada ya kuwekewa bega bandia

Mtu akishabadilishiwa bega swali lake kubwa huwa "nguvu zitarudi lini", daktari naye anamjibu kuhusu utendaji wa bega, basi wanapishana hapohapo maana hivyo ni vitu viwili.

Nguvu ni ule uwezo wa msuli kusukuma au kuvuta. Inapimwa kwa kifaa kinachosoma kilo, au fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anakuwekea mkono wake usukume halafu anakupa namba kuanzia 0 mpaka 5. 0 msuli haushtuki kabisa, 3 unauinua mkono wenyewe bila kitu chochote cha kuukinza, 5 uko kawaida. Utendaji sasa ni kile unachoweza kufanya na huo mkono: kuchana nywele, kuosha kwapa la upande wa pili, kuchomekea shati kwa nyuma, kulalia upande ule. Kuna mtu kilo zake chache na anafanya yote hayo, na kuna mwenye nguvu nzuri tu ila mkono haufiki mgongoni.

Kuna kipimo cha hali ya bega kinachoitwa Constant, cha mwaka 1987, chenye alama 100: maumivu 15, shughuli za kila siku 20, mkono unafika wapi 40, nguvu 25. Yani nguvu ni robo tu. Na hiyo nguvu inapimwa mkono ukiwa umeinuliwa usawa wa bega, usipofika hapo unapata sifuri hata kama msuli unavuta, kitu ambacho mimi naona ni uonevu kidogo.

Halafu inategemea umewekewa bega gani. Lile la kawaida linafuata umbile la asili, gololi juu ya mfupa wa mkono na kikombe upande wa bapa la bega, na linategemea misuli minne midogo inayoishikilia gololi isihame. Mmoja wao, wa mbele, mara nyingi daktari anaukata kano ili apate njia ya kuingia kisha anaushona. Ndo maana wiki kama sita za mwanzo unakatazwa kujiinua kwenye kiti kwa mkono ule au kuuzungushia nje sana, watu wanadhani chuma kitachomoka kumbe kinacholindwa ni ule mshono.

La pili ni bega la kinyume, lililobuniwa na Paul Grammont wa Ufaransa mwaka 1985, gololi inahamia kwenye bapa na kikombe kwenye mkono. Hili wanawekewa sana wale ambao misuli midogo imeshachanika. Kitovu cha mzunguko, yani pale mkono unapozungukia, kinasogea ndani na chini, kwahiyo deltoidi, ule msuli mnene unaofunika bega, unapata nafasi nzuri ya kuvuta na unainua mkono karibu peke yake. Lakini kuinua siyo kuzungusha! Kama ule msuli mdogo wa nyuma ya bega ulishakufa, mtu anaweza kuinua mkono vizuri tu ila akipeleka kijiko mdomoni kiwiko kinapaa pembeni, na kufika mgongoni au kujisafisha chooni kunaweza kusumbua.

Muda: slingi, ule mkanda wa kuning'inizia mkono shingoni, wiki nne hadi sita, mkono unaanza kusogezwa na fizio, baadae unausogeza mwenyewe, mazoezi ya nguvu yanaanza kwenye mwezi wa tatu hivi, na mabadiliko yanaendelea mwaka mzima au zaidi. Wengine wanapata nguvu kabla hata ya mazoezi hayo kwasababu maumivu yalikuwa yanauzuia msuli kufanya kazi. Ila msuli uliosinyaa miaka mingi mpaka ukajaa mafuta, kubadilisha kiungo hakuufufui.

Kurudi polepole ni kawaida, ila kupotea ghafla kwa nguvu uliyokuwa nayo siyo kawaida. Ukiwa na bega la kawaida halafu siku moja huwezi tena kukandamiza tumbo kwa kiganja bila kiwiko kurudi nyuma, au una la kinyume na maumivu makali yamezuka kwenye mfupa wa juu ya bega, usisubiri kliniki ya mwezi ujao, ule mshono unaweza kuwa umeachia au mfupa umepata ufa.