Jiko la mkaa halilali hemani

Kila mwaka, likizo ya Juni ikikaribia, simu yangu haipumziki. Wazazi wanataka kujua mtoto abebe nini kambini, na kwa kuwa kambi zetu nyingi tunazipiga huku Njombe na Makete, swali la kwanza ni baridi. Juzi mama mmoja, mtu mwenye nia njema kabisa, akaniambia maneno niliyokwisha kuyasikia mara nyingi mno: "Mwalimu, si muwape tu jiko moja kila hema? Liwashwe nje, moshi uishe, makaa yakolee, ndipo waliingize. Nyumbani tunafanya hivyo na hakuna kilichowahi kutupata."

Nafundisha skauti huduma ya kwanza, na nimechoka kulijibu hili kwa simu, mzazi mmoja mmoja. Leo naliandika.

"Makaa yakishakolea hayana madhara"

Watu wanaogopa moshi kwa sababu wanauona, unawasha macho na kukohoza. Ukiisha, wanaona hatari nayo imekwisha. Kinachoua si ule moshi. Ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Haikwaruzi koo. Hutokea mkaa unapoungua bila kupata hewa ya kutosha, na yale makaa mekundu yenye majivu meupe juu, ambayo kila mtu anayaona "yameiva", huendelea kuitoa kwa wingi. Moshi angalau ulikuwa unakufukuza. Ukishaisha, hakuna tena cha kukuambia utoke.

Himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, huishika gesi hii kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtoto anapumua, moyo unapiga, damu inazunguka, lakini oksijeni haifiki inakotakiwa. Kichwa kinagonga, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Na hizo ni dalili za aliye macho. Aliyekwisha kulala hazimwamshi.

Sasa fikiria hema. Hema la watoto wanne ni chumba kisichozidi sana upana wa kitanda, kitambaa chake ni nailoni, zipu imefungwa kwa sababu ya baridi. Umande ukishakilowesha, hata ile hewa kidogo iliyokuwa ikipenya inapungua. Nyumba zetu zina nyufa na upenyo juu ya ukuta, na bado kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyokutwa asubuhi haiamki, jiko likiwa katikati ya chumba.

Miaka kadhaa iliyopita tulipiga kambi kando ya shamba la miwati. Yapata saa tano usiku kijana wa zamu akaja kuniamsha: "Mwalimu, Kikosi cha Chui maharage yamewadhuru." Nikatoka na tochi. Mmoja alikuwa nje, amepiga magoti, anatapika. Zipu ilikuwa imefunguliwa nusu. Ndani wawili wameshika vichwa, wa nne ananitazama lakini nikimwita haitiki. Kwenye kona, juu ya jiwe bapa ili lisiunguze sakafu ya hema, kulikuwa na jiko dogo la udongo. Moshi haukuwepo hata chembe. Majivu meupe, na katikati yake jicho jekundu la kaa moja. Juu ya jiko, sufuria ya maji, ya vuguvugu.

Wale watoto hawakuwa wakorofi. Walifanya yote waliyofundishwa nyumbani. Waliwasha nje, wakasubiri moshi uishe, wakaacha upenyo wa zipu wa kupitisha mkono, wakateleka sufuria ya maji "inyonye sumu".

Hiyo sufuria naomba niimalize leo. Kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kukusaidia chochote. Sufuria inakupa maji ya moto, basi. Upenyo wa zipu nao ni wa kujifariji, kwa sababu jiko linaendelea kuzalisha gesi muda wote na tundu moja dogo haliwezi kuitoa kwa kasi hiyo. Na jiko "lililozimika" linatoa gesi mpaka kaa la mwisho lipoe kabisa, kwa hiyo kulitumia kidogo tu kisha kuliacha lijifie lenyewe hemani ni kosa lile lile.

Nilipowatoa wote nje, mama mmoja wa jikoni alikuwa ameshapasha maziwa. Alitaka kuokoa, simlaumu. Lakini sumu hii iko kwenye damu, maziwa yanakwenda tumboni. Tena mtu ambaye fahamu zimelegea ukimnywesha chochote, kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na sasa una matatizo mawili. Cha kufanya ni hiki: fungua hema, toa watu, peleka mbali na jiko, asiyejitambua mlaze ubavu na umwangalie anavyopumua, gari liitwe. Asiyepumua anapuliziwa pumzi na kukandamizwa kifua hapo hapo, huku gari linakuja.

Gari ni lazima, hata kama mtoto ameshaanza kusema "najisikia nafuu". Akipumua hewa ya kawaida, mwili huchukua kama saa nne hadi tano kupunguza gesi hiyo kwenye damu kwa nusu tu. Akipewa oksijeni safi, muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Usiku ule, kwenye kituo cha afya, kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, kilisoma asilimia 98. Mwenzangu akashusha pumzi, akadhani yameisha. Tabibu wa zamu akakivua, akaanza kuwawekea oksijeni, kwa sababu kifaa cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Namba inakuwa nzuri na mtoto yuko hatarini. Wote wanne walirudi nyumbani salama, na nilishukuru Mungu aliyekuwa zamu ni yeye.

Viongozi wa vikosi, hili liwakae kichwani: watu wawili au watatu wa hema moja wakiumwa kichwa na kutapika kwa pamoja, usiseme malaria, usiseme maharage. Tafuta jiko kwanza.

"Baridi inatoka juu, ongeza blanketi"

Watoto wasingeingiza jiko kama wangelala na joto, kwa hiyo hapa ndipo dawa yenyewe ilipo. Mzazi anampa mwanawe mablanketi mawili mazito, yote ya kujifunika. Mtoto anatandika kanga moja chini, analala, na saa nane usiku anatetemeka. Ardhi ndiyo inayomnyonya joto. Sehemu ya mwili inayogusa chini imekandamiza nguo na blanketi zikawa bapa, hazina tena hewa ndani, na hewa iliyotulia ndiyo inayokinga baridi.

Mwenye mablanketi mawili atandike moja. Akiwa na gunia, ni bora zaidi. Mimi gunia ndilo ninalolipigania kila kambi: unalijaza majani makavu au nyasi kavu, unalisawazisha liwe nene kama kiganja kilichosimamishwa, juu yake mkeka, kisha wewe. Maboksi yaliyokunjuliwa nayo yanafaa sana na dukani unapewa bure. Nimelala Makete mwezi wa Julai, asubuhi nyasi nje zina barafu, nina gunia chini na blanketi moja juu, na sikuamka hata mara moja.

Yanayobaki ni madogo lakini yafanyeni. Soksi na fulana ya kulalia ziwe kavu, zisiwe zile za kutwa, maana jasho la mchana ndilo baridi ya usiku. Uji wa karanga saa tatu, kwa sababu mwili unahitaji cha kuunguza. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvishwa soksi, iwekwe miguuni. Mawe ya moto sitaki kuyaona: mawe yaliyookotwa mtoni yana maji ndani, yakipashwa motoni hupasuka na vipande vinaruka.

"Mwaga mafuta ya taa kuzunguka hema, nyoka hatasogea"

Atasogea. Na wewe umezungushia kitambaa cha nailoni kitu kinachowaka. Nyoka hufuata panya, panya hufuata makombo. Chakula kisiingie hemani, zipu ifungwe mpaka mwisho, viatu vikung'utwe asubuhi, na usiku usitembee bila tochi. Inatosha.

Akimuuma mtu, msichanje, msinyonye, msiweke jiwe la nyoka, na kamba ya kukaza msiitumie kabisa. Sumu ya kifutu huharibu nyama pale ilipoingia. Ukikaza kamba unakata damu kwenye mguu ambao tayari unashambuliwa, na mtu anaweza kuupoteza. Vueni pete, bangili na kiatu kabla uvimbe haujaanza, fungeni kiungo kwenye ubao au fimbo kisitikisike, mbebeni, asitembee. Hospitali.

"Maji ya mlimani yanayokimbia ni safi"

Juu ya mto huo kuna ng'ombe, na kuna kijiji. Maji kuwa meupe hakukuambii lolote kuhusu vijidudu. Yachemke yatokote kwa dakika moja, na kwenye kambi zilizo juu ya mita 2,000, ambako maji huchemka yakiwa na joto pungufu, yatokote dakika tatu. Mwenye vidonge vya klorini ayachuje kwanza kwa kitambaa safi kama yana tope, kisha asubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Wengi wanatia kidonge na kunywa hapo hapo.

"Moto ukifukiwa na udongo umezimika"

Umefunikwa. Makaa yaliyofukiwa hukaa na moto kwa saa nyingi, na anayekuja kuyagundua ni mtoto wa mwenye shamba, asubuhi, miguu mitupu. Kambini kwetu majiko yote yana namba na huhesabiwa saa mbili na nusu usiku, kwenye uwanja wa kupikia. Makaa yanamwagwa chini mahali peupe, kwa sababu jiko la udongo likimwagiwa maji likiwa na moto hupasuka. Unasimama upande upepo unakotoka, unamwaga maji, unakoroga kwa kijiti, unamwaga tena, kisha unasogeza mgongo wa mkono karibu. Ukisikia joto, unarudia. Kiongozi wa kikosi ndiye anayeniletea jiko tupu, nalipanga chini ya meza ya stoo, nahesabu, nafunga mlango.

Yule mama nimemwambia alete gunia mbili na maboksi. Jiko alibakize nyumbani.