Je, wajua kwa nini katuni ya zamani haikatwi tu pale penye ubaya?

Mzazi wa Majengo au Nkuhungu, hapa Dodoma, akienda kujaziwa katuni kwenye flashi, hupewa za juzi pamoja na za miaka ya 1940. Katika Dumbo, katuni ya kampuni ya Disney ya 1941, yumo kunguru ambaye waliomchora walimwita Jim Crow, jina lilelile la sheria za ubaguzi za Marekani. Sauti yake ni ya Mzungu, Cliff Edwards, akiiga lafudhi ya Wamarekani Weusi. Basi si wakate tu?

Kinachogoma ni muziki. Filamu hupita fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde, na wachoraji wa enzi hizo walipanga miondoko kwa mapigo ya muziki. Ukitoa sekunde 2 zimeondoka fremu 48, na wimbo unaruka. Fantasia, nayo ya Disney, ya 1940 ilikuwa na Sunflower, kiumbe mweusi, nusu msichana nusu punda, anayesugua kwato za wenzake weupe. Aliondolewa katika toleo la 1969. Lakini muziki wa sehemu hiyo ni simfoni ya 6 ya Beethoven, na kila mkato humo unasikika. Kwenye toleo la miaka ya 1990 mafundi wakaikuza picha mpaka Sunflower akabaki nje ya skrini, muziki ukaendelea bila kukatika. Hasara yake ni kwamba picha iliyokuzwa hivyo hupoteza ukali.

Kutengeneza upya kunasaidia watoto: Dumbo ya 2019 haina kunguru wa namna hiyo kabisa. Kuificha ya zamani ndiko tusikokubali. Song of the South ya 1946, filamu ya Disney inayolaumiwa kwa jinsi inavyowaonyesha Wamarekani Weusi, haijawahi kuuzwa Marekani kwa kanda wala DVD, na kizazi kizima kimekosa kujionea jinsi dharau hiyo ilivyotengenezwa. Ibaki, iwe ya wakubwa, na onyo mbele.

Disney+, huduma ya Disney ya kutazama filamu mtandaoni, iliweka onyo hilo 2020, na 2021 ikaziondoa Dumbo na Peter Pan kwenye akaunti za watoto wa chini ya miaka 7. Nakala ya flashi kwa kawaida haina onyo, kwa hiyo itazame kwanza mwenyewe, uandike dakika ya kusimamisha. Kwenye vibanda umiza jihadhari zaidi: DJ anayetafsiri huifunika lafudhi ya kejeli kwa Kiswahili chake, mtoto akacheka bila kujua anachekeshwa na nini, na michoro iko palepale.